Waliovalishana Aproni

Katika chumba cha kuchana pamba hakuna mwanamke aliyekuwa na uso. Alikuwa na namba. Namba ilishonwa kwa uzi mwekundu kifuani mwa aproni ya kijivu, kubwa kiasi cha msimamizi kuisoma akiwa juu kwenye kibanda chake cha vioo. Wanawake walimwita Miwani, kwa kuwa usoni pake hawakuwahi kuona kitu kingine kinachofanya kazi. Miwani hakupenda kuteremka. Chini kulikuwa na vumbi la pamba lililoingia puani, kooni, masikioni, mtu akirudi nyumbani analitema pamoja na mate. Yeye alikaa juu, akahesabu namba, akiona zimetimia alirudia chai yake.

Upofu ule wanawake waliujua, na waliutumia.

Maana kanuni ya kiwanda ilisema hivi: mwanamke atakayejifungua ameacha kazi mwenyewe. Hakufukuzwa, tuelewane, ameacha mwenyewe. Akitaka kurudi, atajipanga getini na wasichana wapya, aanze upya kwa mshahara wa anayeanza, hata kama ameitumikia mashine ile tangu angali mwari. Mwanamume aliyepata mtoto alishikwa mkono ofisini na kupongezwa, na akibahatika alipandishwa cheo, kwa sababu sasa ni mtu mwenye familia. Mtoto yule yule! Kwa baba ni sifa, kwa mama ni kosa la kazi.

Kwa hiyo walivalishana. Mwenye mimba alijifunga kitambaa tumboni mpaka siku za mwisho, kisha akampa aproni yake ndugu wa kike: dada, binamu, mama mzazi kama bado ana nguvu. Ndugu akaingia na namba ile, akasimama kwenye mashine ile, mpaka mzazi atakapoweza kusimama tena. Lakini Miwani, japo hakujua nyuso, alijua miili. Kutoka juu alijua Kumi na Tisa anachechemea, Sitini na Sita anatikisa mabega. Aliyevalishwa ilimbidi ajifunze mwili wa mwenye aproni. Sharti lilikuwa moja tu, na wakongwe walilirudia mpaka likachosha: usifanye kazi unavyojua wewe, fanya anavyofanya yeye.

Arobaini na Moja alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye ulimi usiobembeleza mtu. Ndiyo maana aliitwa Sindano. Alikuwa mke wa seremala, mama wa watoto wawili, na sasa alikuwa na wa tatu tumboni. Kitambaa kilikuwa kimeanza kumkata pumzi. Hakuwa na dada. Mama yake alishafariki. Mtu aliyebaki alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeachwa na mumewe kwa kutozaa, akaja kukaa nao katika vile vyumba vyao viwili. Mchana wifi alikaa kizingitini akisuka nywele za wanawake wa mtaa. Vidole vyake vilikuwa vyepesi hivi kwamba watu waliacha wasusi wa karibu wakamfuata yeye, na huku akisuka alikuwa akiwasema watu mpaka wateja wakashika mbavu.

Sindano alimwendea asubuhi ya mapumziko, wifi akiwa anachana nywele zake mwenyewe.

"Wifi, nina shida."

"Shida yako naiona tangu mwezi ule, inakutangulia mlangoni."

"Basi nisaidie."

"Nikufulie? Nikupikie? Mbona nafanya tayari, na shukrani sijaiona."

"Nataka ukawe mimi."

Wifi aliacha kitana kichwani. Akamtazama juu mpaka chini, kisha akaangua kicheko. "Niwe wewe? Unene nitauficha wapi? Na huo ulimi wako wa pilipili nitauazima kwa nani?"

"Huko hakuna anayesikia ulimi. Mashine zinapiga kelele. Unene nao aproni inafunika."

"Kaka yangu anasemaje?"

"Kaka yako anasema nikimwaga unga, tutarudi sote kwenye chumba kimoja, pamoja na wewe na mikeka yako."

Wifi akaendelea kuchana. "Haya," akasema mwishowe. "Lakini mtoto akiwa wa kike, hamumpi jina la bibi yake yeyote. Mnampa langu."

Walianza mafunzo chumbani, benchi la seremala likawa mashine. Sindano alieleza. Ndani ya mashine kuna pipa la chuma lenye meno, linazunguka na kuichana pamba iwe laini kama wingu. Pembeni mwa pipa takataka za pamba zinajikusanya, na ni lazima zifagiliwe kwa ufagio mfupi huku pipa linazunguka, kwa sababu anayesimamisha mashine anakatwa mshahara. Mashine nyingine zote zilikuwa na bati la kinga kila upande. Ya Sindano ilikuwa na bati upande mmoja tu. Yeye alizaliwa wa mkono wa kushoto, na miaka mingi nyuma fundi alilitoa bati la kushoto ili apate kufikia. Hakuna aliyelirudisha, na Sindano hakudai. Mkono wake ulilijua pipa lile kama unavyoujua mdomo wake.

"Kushoto, wifi. Kushoto!"

"Kushoto kwangu ni kwa kujikuna mgongo."

"Miwani ananijua kwa huo mkono. Ukifagia kwa kulia atateremka."

"Na akiteremka?"

"Tumekwisha. Mimi na wewe, na yeyote atakayemtilia shaka baada yetu."

Wifi alihamishia ufagio kushoto. Ulimponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena, akautukana matusi ya kuchekesha kuhusu ukoo wa mifagio yote. Sindano alicheka mpaka kitambaa tumboni kikalegea. Lakini hakumruhusu kubadili mkono. Walirudia kila siku baada ya kazi, na kila siku mkono wa wifi ulipata akili kidogo. Walihesabu kwamba muda ungetosha.

Haukutosha. Mtoto alikuja mapema, wa kike, mdogo kama kiganja, akilia kwa hasira. Asubuhi yake wifi alifunga aproni, akakunja mabega yake mapana ili afanane na mwembamba, akatoka.

Siku za kwanza alirudi mweupe kwa vumbi kuanzia kope mpaka viatu. "Nimeona mwisho wangu," alisema, akimchukua mtoto. "Nitazikwa kwenye godoro." Alieleza jinsi Miwani alivyomtazama, naye akatikisa ufagio kwa kushoto kwa maringo hadi yule bwana akageuka. Seremala alicheka. Sindano alicheka. Chumba kile kilikuwa na furaha, na ni haki isemwe, kwa sababu baadaye watu walisimulia kana kwamba nyumba ile ilikuwa ya huzuni tangu mwanzo.

Ilikuwa mchana, king'ora bado hakijalia, Sindano ananyonyesha, alipomwona Bi Kikohozi mlangoni. Huyu alikuwa mkongwe kuliko wote katika chumba cha kuchana. Jina alijipa mwenyewe, kabla wengine hawajampa. Mtu wa kiwandani akija kwako kabla ya king'ora hajaleta heri.

"Weka mtoto chini," alisema.

"Nini?"

"Weka mtoto chini kwanza, mwanangu."

Ufagio ulikuwa umeteleza. Wifi alijaribu kuudaka kwa kushoto, kwa haraka, kama mtu yeyote anavyodaka kitu kinachoanguka. Pipa lilikamata kitambaa cha mkono wa nguo, kisha vidole, kisha kiganja. Bi Kikohozi ndiye aliyevuta mkanda kusimamisha mashine. Miwani aliteremka siku hiyo. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Nani amesimamisha?"

Hospitalini walimkata juu kidogo ya kifundo. Alipozinduka aliitazama bandeji kwa muda mrefu, kisha akamtazama Sindano aliyekaa pembeni ya kitanda na mtoto mgongoni.

"Nimesuka wanawake wangapi mimi?" akauliza.

"Wengi, wifi."

"Kusuka kunataka mikono miwili." Akafumba macho.

Kiwanda hakikuchelewa kugundua. Aliyekatwa mkono hakuwa Arobaini na Moja. Arobaini na Moja alikuwa ameketi kando ya kitanda na mikono yake yote. Miwani alikuja wodini, amevua kofia, sauti ya upole. Alimwita Sindano nje kwenye ukumbi.

"Kiwanda hakimfahamu yule," alisema. "Ameingia bila kibali, ameharibu mashine. Matibabu si yetu. Tena tungeweza kumpeleka polisi."

"Yule ni wifi yangu."

"Ndiyo maana nakuja kwako kwa wema. Kuna mkaguzi wa viwanda wa serikali, anakuja kuuliza maswali. Wewe unasema: nilikuwa naumwa, aproni yangu imeibwa nyumbani, sikujua. Basi. Unarudi kwenye mashine yako wiki ijayo, mshahara ule ule. Habari ya mtoto sijaiona." Alimtazama mtoto mgongoni, akaondoa macho. "Sijaiona kabisa."

Sindano alirudi nyumbani na maneno yale. Seremala alikuwa ameshika tama, randa chini ya miguu yake.

"Sema imeibwa," alisema mumewe.

"Ni dada yako."

"Najua ni dada yangu! Nimecheza naye, nimekula naye sahani moja. Nitamtunza mpaka nife. Lakini nitamtunza kwa kitu gani? Kwa mbao hizi? Ukimwaga unga na wewe, tutakuwa watu sita na mkono... " Alikatisha. "Mkono umeshakwenda. Maneno hayaurudishi."

Hakuwa mwanamume mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ilikuwa imempa hesabu moja, naye akaishika.

Siku iliyofuata wanawake wa chumba cha kuchana walikuja kumwona. Walijaza chumba, wengine wakasimama uani. Bi Kikohozi alikaa kwenye benchi. Karibu naye alikuwepo kijana mmoja waliyemwita Bibi Harusi, kwa kuwa alianza kazi wiki aliyoolewa. Alikuwa amejifunga tumbo kwa kitambaa, na kila mtu humo alijua.

"Usiseme," Bi Kikohozi alisema. "Nakuomba kwa watoto wangu watano. Kwa wote watano nilivalisha ndugu aproni yangu, na hakuna siku kiwanda kilipoiona nafasi yangu tupu. Ukisema, mlango unafungwa. Huyu hapa atajifungulia wapi?"

"Na wifi yangu aitwe mwizi?"

"Mwizi ni neno," mwanamke mmoja alisema. "Neno halivunji mfupa."

"Kwa nini basi tunajificha kwa ajili ya neno 'mzazi'?" Sindano aliwaka. "Tumejificha kwa ustadi! Tumejifunza kutembea kama wenzetu, kukunja mabega, kufagia kwa mkono usio wetu. Kiwanda kinasema hakuna wanawake wanaozaa, na sisi tunakisaidia kusema hivyo. Tungetumia nusu ya akili hiyo kuwaambia mnatuonea..."

"Tungekuwa tumefukuzwa wote," Bi Kikohozi alimaliza. Kikohozi kikamshika, kikamtikisa, wakangoja. "Wewe ni kijana, una moto. Mimi nina wajukuu. Usiseme."

Hakuna aliyekuwa na kosa kabisa katika chumba kile, na hilo ndilo lililomtesa Sindano. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuogopa. Kanuni ilikuwa imewakamata wote kooni, kisha ikawaachia wagombane wenyewe nani apumue.

Alikwenda wodini kuomba shauri kwa mtu pekee ambaye hakuwa ameulizwa. Wifi alikuwa ameketi, akijaribu kufunga kilemba kwa mkono mmoja. Sindano alinyoosha mikono kumsaidia.

"Acha," wifi akasema. "Nimeshasikia. Nesi ana mdomo kuliko mimi."

"Nifanye nini?"

"Kaka yangu anataka useme imeibwa."

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Mimi nataka uniambie."

Wifi aliushika upande mmoja wa kilemba kwa meno, akavuta, kikakaa kombo. "Mkono umekwenda, sawa. Sikudai mkono. Kazi ya kusuka imekwenda. Sawa. Mume alishaniacha nikiwa mzima, sembuse sasa. Lakini nilikwenda kule asubuhi, nikafanya kazi, nikasimama mpaka miguu ikavimba. Nilikuwa mfanyakazi, wifi. Kwa siku zile chache nilikuwa mtu wa kazi. Usiniite mwizi." Akakivuta kilemba tena. "Fanya lingine lolote. Usiniite mwizi."

Mkaguzi alikuja na kusikiliza shauri katika ukumbi wa chakula wa kiwanda. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye haraka, aliyetaka kuondoka kabla ya jua kali. Wanawake wa chumba cha kuchana walisimamishwa nyuma kwa mistari. Miwani alieleza, kwa upole ule ule, habari ya mtu wa nje aliyeiba aproni. Kisha Sindano akaitwa.

Alimwona mumewe mlangoni, kofia mkononi.

"Haikuibwa," alisema.

Miwani aliinua kichwa.

"Nilimvalisha mwenyewe. Nilikuwa nimejifungua. Kanuni yenu inasema nikijifungua nimeacha kazi, na mimi sijaacha kazi. Nimezaa. Ni vitu viwili tofauti. Nikamfundisha wifi yangu kazi yangu, akaifanya, pamba aliyoichana mmeiuza. Mnamwitaje mwizi mtu aliyewafanyia kazi?"

"Kwa nini alikuwa anafagia kwa mkono wa kushoto?" mkaguzi aliuliza. "Nimeambiwa si mtu wa kushoto."

"Kwa sababu mimi ni wa kushoto, na bwana huyu hutujua kwa mikono tu. Bati la kinga upande ule halipo miaka mingi. Angefagia kwa mkono wake, upande wenye bati, angekuwa na vidole vyake. Nilimlazimisha mimi. Na mimi nililazimishwa na kanuni. Fuateni huo mlolongo mpaka mwisho wake, mtaona unaishia ofisi gani."

Mkaguzi aliinua macho kuwatazama wanawake nyuma.

"Wako wengine waliofanya hivi?"

Bibi Harusi alikuwa akitazama sakafu, mikono imekumbatia tumbo lisiloonekana. Bi Kikohozi alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, uso umemvimba, machozi yanamtoka, lakini hakukohoa. Alikibana kikohozi kile, ili tu jicho lisiende kwake.

"Wataje," Miwani alimwambia Sindano. Upole umeisha.

"Mimi nimesema la kwangu."

Uamuzi ulikuja baada ya siku kadhaa. Mkaguzi alisema aliyeumia alikuwa kazini, si mwizi, na kwa kuwa bati halikuwepo, kiwanda kitalipia hospitali. Kuhusu mkono wenyewe, hakuna kitu, kwa sababu hakuajiriwa kihalali. Kuhusu kanuni ya uzazi, sheria haikumpa nguvu ya kuigusa. Ndivyo haki ya wakati ule ilivyokuwa: ilikubali kwamba umeumizwa, kisha ikakuaga.

Sindano unga wake ukamwagika siku hiyo hiyo. Na Bi Kikohozi alikuwa amesema kweli: mlango ulifungwa. Kiwanda kiliweka mwanamke mzee getini, kila asubuhi akawapapasa wafanyakazi wa kike matumbo kabla ya kuingia, kama wanunuzi wanavyopapasa mbuzi. Bibi Harusi alikamatwa wiki ya kwanza, akafuatiwa na wengine. Bombani, Sindano alipofika na ndoo, wanawake walimpa kisogo. Siku moja Bibi Harusi alimtemea maneno mbele ya watu wote: kwamba amemfunga wifi yake kilemba kwa kuwavua wenzake nguo. Sindano, yule mwenye ulimi mkali, alijaza ndoo, akaondoka. Nyumbani alilia, akiwa ameelekea ukutani ili watoto wasimwone.

Wifi alirudi. Mtoto aliitwa jina lake, kama alivyotaka, na alijifunza kumbeba kwa mkono mmoja, akimwegemeza kwenye kile kigutu. Wateja wake walikwenda kwa wasusi wengine. Seremala alifanya kazi mpaka macho yakawa mekundu, na hakuwahi kumlaumu mkewe kwa maneno. Alimlaumu kwa kunyamaza, jambo lililouma zaidi.

Kisha asubuhi moja Bibi Harusi alisimama mlangoni, mimba yake sasa wazi, tumbo kubwa kama nyumba.

"Nimekuja kukutukana tena," alisema.

"Kaa basi, utukane umekaa," Sindano alimjibu. "Miguu yako imevimba."

Alikaa. Hakutukana. Alitazama kigutu cha wifi, akatazama mtoto. "Tuko saba tuliofukuzwa," akasema. "Hakuna tena wa kumvalisha. Mume wangu anasema nikae nyumbani nitulie. Nitulie na nini? Wewe ulisemaje kule ukumbini? Nilikuwepo, lakini sikusikia. Masikio yalikuwa yanavuma kwa hofu."

"Nilisema nimezaa, sijaacha kazi."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Na hayakusaidia," wifi alidakia.

"Hayakusaidia," Sindano alikubali. "Niliyasema peke yangu."

Asubuhi iliyofuata walikwenda getini: Sindano, wifi akiwa na mtoto, Bibi Harusi, na wanne kati ya wale saba, wengine waume zao walikataa. Hawakuwa na ngoma wala wimbo. Walisimama kando ya njia ambamo wafanyakazi hupita, mvua nyembamba ikinyesha. Mlinzi aliwaambia waondoke. Wakasogea hatua, wakasimama tena. Kanuni ile haikuondolewa mwaka ule, wala uliofuata, na baadhi ya waliosimama pale walikufa kabla ya kuiona ikifa. Asubuhi hiyo hawakulijua hilo. Walijua baridi.

Wafanyakazi walianza kupita. Wengi waliinamisha vichwa. Bi Kikohozi naye akaja, mwili umeinama, kanga mdomoni.

"Shikamoo, Bi," wifi alimwita.

"Marahaba," alijibu bila kuinua macho, akaenda kujipanga kwa yule mwanamke wa kupapasa.

Kisha Sindano akaanza kuyasema tena yale ya ukumbini, kwa sauti ya juu, akiielekea migongo iliyokuwa ikiingia ndani.